MWENYE PATASI NI MFANYAKAZI PIA



Liko swali moja ambalo huzuka katika mikutano yetu kila mara na kila mara huahirishwa mpaka mkutano ujao. Swali lenyewe ni hili: mtu anayechonga mawe au miti kwa patasi, je, ni mfanyakazi kama sisi, ama ni mfanyabiashara mdogo wa sokoni? Wengi wetu hujibu upesi kwamba ni mfanyabiashara. Husema hana tajiri, hana mnyapara, haamshwi na kengele ya kiwanda, wala hakatwi ada ya chama kwenye mshahara. Basi chama kina haja gana naye? Mimi nasema ni mfanyakazi, na chama kinapaswa kumwandika. Naomba wale wasiokubaliana nami wasome mpaka mwisho kabla ya kunijibu.

Kwanza tuwatambue watu tunaowazungumzia. Huku kwetu Ajia, na kote kuanzia Vurra hadi Koboko, wako wa namna mbili. Wako wanaofanya kazi ya mawe. Nchi yetu ina majabali mengi, na nyumba ya mtu mwenye uwezo, kanisa, shule, daraja, vyote vinataka jiwe lililonyooshwa pande. Na wako wa miti: wanaochonga vinu na michi, mipini ya majembe, viti vya kigogo, ngoma, na ule mwili wa adungu ambao huchimbwa ndani ukawa kama mtumbwi mdogo kabla ya kuvikwa ngozi. Wengi wao walikuwa vibarua kabla ya kuwa mafundi, na wengine ni vibarua hata leo kwa miezi sita ya mwaka. Tusisahau kwamba West Nile iliwekwa na Waingereza kuwa ghala la vibarua. Baada ya nchi hii kuingizwa Uganda mwaka 1914, watu wetu walichukuliwa kwenda kukata miwa Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda mwaka 1924, na Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianza kutengeneza sukari mwaka 1930. Mtu alikwenda na panga, akarudi na baiskeli na mgongo uliochoka. Aliporudi hakuna aliyemwuliza atakula nini. Ndipo alipochukua patasi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu wako wenzetu wanaodhani kuchonga ni mchezo wa wazee waliokaa chini ya mwembe. Patasi nyingi za huku hazikununuliwa dukani. Ni springi ya lori bovu iliyopelekwa kwa mhunzi, ikatiwa moto, ikafuliwa, ikatiwa makali, ikazimwa majini. Ikizimwa vibaya, ama inapinda kama bati ama inakatika ncha siku ya kwanza. Fundi wa miti hana patasi moja. Anayo ya bapa ya kusafisha, anayo bobari ya mviringo ya kuchimba ndani, anayo nyembamba ya kuingia pembeni, na kabla ya hizo zote anayo tezo ya kutoa umbo. Kila baada ya muda mfupi huacha kuchonga akanoa. Mimi niliwahi kuhesabu kwa fundi mmoja: kwa siku nzima, muda wa kunoa ulikuwa karibu saa moja na nusu. Nani analipa saa hiyo na nusu? Hakuna. Mnunuzi huiona kazi ya patasi, haioni kazi ya kinoo.

Gogo nalo lina tabia zake. Ukichonga gogo bichi ukaliweka juani, kesho utakuta limepasuka kuanzia katikati hadi ukingoni. Fundi hulianika kivulini, wengine hulifunika kwa maranda yake mwenyewe ili likauke polepole. Huchonga kwa kufuata nyuzi za mti. Akizikata kinyume, mti hung'oka vipande na kazi ya siku mbili imekwisha. Wa mawe naye husikiliza. Hugonga jiwe kwa nyundo kabla ya kuweka tindo, na kwa mlio hujua kama jiwe lina ufa ndani. Hutoboa matundu madogo katika mstari mmoja, akapiga tindo moja baada ya nyingine kwa kupokezana, bila haraka, mpaka jiwe lenyewe linapoachia. Mwenye haraka hupata vipande viwili vibovu badala ya viwili vizuri. Watu wa pwani waliojenga misikiti ya kale walijua siri nyingine: jiwe la matumbawe lililotolewa baharini likiwa bado bichi huchongeka kirahisi, likikauka linakuwa gumu. Kizimkazi, kisiwani Unguja, yako maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la namna hiyo, nayo yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Tarehe imebaki. Jina la aliyeshika patasi halikubaki, na ndivyo ilivyo hata leo: kwenye jiwe la msingi huandikwa jina la mheshimiwa aliyekata utepe.

Basi narudi kwenye swali letu, nianze na wa mawe kwa sababu habari yake ni rahisi zaidi. Huyu ana tajiri. Tajiri wake anaitwa kontrakta. Yuko kontrakta mmoja, ambaye jina lake silitaji hapa, aliyewaweka mafundi wa mawe kwenye jengo na kukubaliana nao kwa mdomo malipo kwa kila jiwe. Jiwe lenye kona iliyomeguka halilipwi. Jioni msimamizi alipita akitenga mawe: haya mazuri, haya mabovu. Mafundi walikubali kwa sababu hawakuwa na la kufanya. Baada ya wiki mbili nilipita hapo kwa shughuli za chama, nikatazama msingi, nikayaona mawe yale yale yaliyoitwa mabovu yamejengwa ndani ya ukuta, kona iliyomeguka imegeuzwa upande wa udongo. Nilipouliza niliambiwa kwamba wale si wafanyakazi wa kampuni, ni watu wa nje wanaouza mawe, na mwuzaji hulipwa kwa bidhaa iliyopokelewa.

Ndugu, jibu hilo ni la uongo kwa mujibu wa sheria ya nchi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema kwamba mkataba wa kazi waweza kuwa wa maandishi au wa mdomo, waweza kutamkwa wazi au kufahamika kutokana na mwenendo wa pande mbili. Mtu akiambiwa njoo saa moja asubuhi, chonga hapa, kwa kipimo hiki, nyundo kubwa ni ya kwangu, msimamizi ni huyu, na utalipwa kwa jiwe, huo ni mkataba wa kazi. Kulipwa kwa kipande hakumwondolei mtu ufanyakazi. Kama kungemwondolea, basi mkata miwa anayelipwa kwa mstari naye si mfanyakazi, na mchuma chai anayelipwa kwa kilo si mfanyakazi, na chama chetu chote kingekuwa ni chama cha wafanyabiashara! Nayo Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya mwaka huo huo 2006 inampa mtu mwenye mkataba wa kazi haki ya kujiunga. Kwa hiyo fundi wa mawe aliye kwenye jengo la kontrakta hatuhitaji hata kubadili katiba ili tumwandike. Tunahitaji kwenda pale na daftari.

Na wale wanaoona haya kukaa mkutano mmoja na mchonga mawe, nawakumbusha jambo moja la historia. Hayo masaa manane ya kazi kwa siku ambayo sisi wa viwandani tunayadai kama haki yetu, hayakuanza viwandani. Tarehe 21 Aprili 1856, huko Melbourne, Australia, wachonga mawe waliokuwa wakijenga Chuo Kikuu waliweka patasi chini. Waliandamana kutoka jengo hadi jengo wakiwachukua wenzao, mpaka penye jengo la Bunge lililokuwa likijengwa wakati huo. Walitaka masaa manane kwa siku bila kupunguziwa mshahara, nao wakayapata. Walishinda kwa nini? Hawakuwa wengi. Walishinda kwa sababu mji ulikuwa unajengwa kwa haraka kutokana na dhahabu, jiwe halichongwi na mtu asiyejua, na wao walikuwa katika chama kimoja. Mwenye jengo hakuwa na mtu mwingine wa kumwita. Hata huku kwetu fundi anayejua kusikiliza jiwe hapatikani kila mahali. Arua ilifanywa jiji mwaka 2020, na majengo yanazidi kuinuka. Kontrakta anajua thamani ya mafundi hawa. Wao wenyewe hawaijui, kwa sababu kila mmoja anapatana naye peke yake, na kila mmoja anaogopa mwenzake atapunguza bei.

Habari ya fundi wa miti ni ngumu zaidi, nakubali. Huyu anachonga nyumbani kwake, gogo amelinunua mwenyewe, na akimaliza anauza. Kweli hana tajiri? Tufanye hesabu pamoja. Tuseme kiti cha kigogo kinauzwa mjini shilingi 40,000. Gogo limemgharimu 8,000, msasa na mafuta 3,000, bodaboda ya kupeleka 2,000. Zinabaki 27,000, na kama kazi imemchukua siku tatu, anapata 9,000 kwa siku. Si mbaya. Lakini yeye hauzi mjini. Anakuja dalali siku anayojua kwamba ada ya shule inatakiwa, anatoa 22,000 taslimu. Toa gogo, toa msasa na mafuta, toa bodaboda aliyomlipa aliyemletea gogo: zinabaki 9,000 kwa siku zote tatu, yaani 3,000 kwa siku. Na hapo sijahesabu siku ya kutafuta gogo wala ule muda wa kinoo. Dalali hakushika patasi hata mara moja, naye amepata 18,000 kwa safari ya asubuhi. Mimi naita hiyo tofauti mshahara uliokatwa. Tajiri yupo, ila anakuja kwa pikipiki na kuondoka.

Hali hii haikuanza kwetu wala haiko kwetu tu. Wamakonde, ambao vinyago vyao vya mpingo vinajulikana dunia nzima, wengi wao walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mkono uliokata mkonge mchana ndio uliochonga jioni. Katika miaka ya 1950 walianza kuuza Dar es Salaam kwa wenye maduka, na mmoja wa wenye maduka hao, Mohamed Peera, ndiye anayetajwa kwamba aliwahimiza kuchonga vinyago vya namna mpya. Hapo ndipo Samaki Likankoa alipotoa vile vinyago vya mashetani vilivyopendwa sana na Wazungu. Simlaumu mwenye duka kwa kununua; alinunua wakati wengine hawakununua. Nasema tu kwamba bei ilipangwa upande wa kaunta, haikupangwa upande wa patasi.

Wakamba wa Kenya walikwenda hatua moja mbele, nayo ndiyo hatua ninayotaka tuitazame kwa makini. Kwao kazi hii inasimuliwa kuanza na mtu mmoja wa Wamunyu, Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza, akarudi nyumbani akaanza kuchonga na kufundisha watu wa kwake. Kazi ilienea mpaka ikawa mlo wa vijiji vizima. Madalali wakaja, kama wanavyokuja kila penye jasho. Mwaka 1963 wachongaji waliokuwa Mombasa wakaunda ushirika wao Changamwe, nao ukakua mpaka ukahesabu wanachama kwa maelfu. Wamunyu pia wakaunda wao. Utaratibu wa Changamwe ni rahisi, mtu wa darasa la saba kama mimi anauelewa. Kila mwanachama ana namba yake. Kinyago kinapoingia katika duka la ushirika kinabandikwa namba ya aliyekichonga na bei yake. Mtalii akikinunua, ushirika unakata sehemu yake ya kuendesha duka na kulipa kodi, na inayobaki inaandikwa kwenye namba ile. Mchongaji hasimami barabarani kupigania bei na mgeni, wala jirani yake hawezi kuja nyuma yake kunong'ona kwamba yeye atauza kwa nusu. Namba ile ndogo imefanya kazi ambayo hotuba zetu nyingi hazijafanya.

Najua mtakalosema. Mtasema ushirika Uganda tumeuona. Tumeuona kweli. Tuliuona ukinunua pamba na tumbaku, tukauona ukidaiwa na mabenki, na katika miaka ya 1990 tukaona maghala yake yakiota nyasi na mengine yakiuzwa. Wakulima wengine walibaki na risiti mikononi. Sisemi turudi kuwapa watu wachache ufunguo wa sanduku na kwenda kulala. Nasema ushirika wa mafundi thelathini au arobaini wanaojuana kwa sura, wenye duka moja Arua na daftari linalosomwa mbele ya wote kila mwezi, ni kitu tofauti na yale majengo makubwa. Chama cha wafanyakazi kinaweza kuusimamia kwa kutoa mtu wa kukagua hesabu. Mkaguzi asiye fundi na asiye ndugu wa mweka hazina ni kinga kubwa.

Liko jambo jingine la kujifunza kwa Wakamba, na hili ni la onyo. Walichonga muhugu na mpingo kana kwamba misitu haina mwisho. Hesabu zilizofanywa miaka ya 1990 zilionyesha kwamba uchongaji nchini Kenya ulikula zaidi ya miti 50,000 kwa mwaka. Mpingo unahitaji miaka 70 au zaidi ndipo ufae kukatwa. Mtu anayeupanda hatauchonga. Muhugu ulipotoweka karibu na wachongaji, gogo lilitoka mbali zaidi na bei yake ikapanda, lakini bei ya kinyago haikupanda. Aliyelipa ile tofauti ni mchongaji, kwa kujipunja siku zake. Ndipo wengi walipohamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti ya shambani inayokua upesi. Wazee wengine walinung'unika kwamba mwarobaini hauna heri ya mpingo, lakini watoto wao wanakula kwa mwarobaini.

Sisi tuko wapi? Afzelia, ule mti mgumu wa jamaa ya mbambakofi, ulikuwa mwingi West Nile, nasi tumeukata kwa mbao na kwa makaa. Mwaka 2022, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Panama, afzelia ya Afrika na mahogani ya Afrika ziliingizwa katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya nje lazima iwe na kibali. Mbao za Kongo zinazovuka Vurra nazo zimo katika msukosuko huo. Atakayeumia kwanza si mwenye lori, maana mwenye lori anazijua ofisi. Ni fundi anayenunua kipande kilichobaki. Basi kabla gogo halijawa ghali kuliko kiti, mafundi wetu waanze kuzoea mwembe, mfenesi na mgrevilia, na waipande wenyewe. Mwembe ukizeeka usizae, watu wa Ajia huutia tanuri la makaa. Ndani yake mna vinu viwili na viti vitano!

Sasa naja kwenye jambo ambalo ndilo linanisumbua usiku, nalo ni vumbi. Jiwe letu gumu la granaiti lina silika ndani yake. Fundi akilipiga, na hasa akilikata kwa mashine ile ya mkono yenye sahani inayozunguka ambayo sasa imeingia kila mahali, linatoa vumbi jembamba kuliko unga wa muhogo. Vumbi kubwa huanguka chini au hutoka kwa kikohozi. Lile jembamba ambalo jicho halilioni hushuka mpaka mwisho wa mapafu na kubaki huko. Mapafu huliviringia makovu, na makovu hayapumui. Ugonjwa huu hauna dawa ya kuuponya, na huwa umeanza miaka mingi kabla ya mtu kujisikia vibaya. Tena unafungua mlango kwa kifua kikuu. Mtu anakwenda zahanati, anatibiwa kifua kikuu, anapata nafuu, anarudi kwenye jiwe, anaugua tena, na majirani wanasema amerogwa. Mwaka 1997 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka silika ya namna hii katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la miti nalo lilikuwa limekwisha kuwekwa humo mwaka 1995, ili fundi wa miti naye asidhani ameponyoka.

Uko mji Marekani uitwao Barre, katika jimbo la Vermont, ulioishi kwa granaiti. Mafundi wengi walitoka Carrara, Italia, watu hodari wa patasi na wa chama. Zamani walichonga kwa mkono. Zikaja patasi za upepo, zinazosukumwa na hewa ya mashine, na matajiri wakafurahi kwa sababu kazi ilikwenda mara kadhaa zaidi. Vumbi nalo likaongezeka hivyo hivyo, na mabanda yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya baridi. Mafundi walianza kufa wakiwa na umri wa miaka arobaini na hamsini, wengine wakiacha wamejichongea wenyewe mawe ya makaburi yao, na mawe hayo hutazamwa na wageni hadi leo kwa uzuri wake. Chama kilipigania jambo hilo miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ndipo mashine za kufyonza vumbi zilipofungwa karibu na kila mahali pa kuchongea, na walioingia kazini baada ya hapo hawakufa kwa ugonjwa huo kama waliowatangulia. Jiwe lilikuwa lile lile na patasi zile zile. Kilichobadilika ni bomba la kufyonza, ambalo tajiri hakulinunua mpaka aliposukumwa.

Hatuna uwezo wa kudai mashine za kufyonza kwa mtu anayechonga kando ya barabara. Lakini maji tunayo. Jiwe likilowanishwa kabla na wakati wa kulikata, vumbi hupungua sana. Kule Tabaka, katika nchi ya Kisii, wanaume huchimba na kuchonga lile jiwe laini la Kisii, na wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji mpaka linateleza. Kazi za Tabaka zimefika mbali. Sanamu ya Elkana Ong'esa imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Nanyi mtambue kwamba wale wanawake wa beseni, ambao bila wao jiwe lisingeng'aa, hulipwa kwa kipande nao hawatajwi popote. Tukianza kuandika mafundi wetu tusiandike wenye patasi tu. Mwenye msasa na mwenye kubeba kokoto waandikwe. Huku Arua wanaokaa juani wakiponda mawe kwa nyundo ni wanawake kwa wingi, mara nyingi na mtoto ubavuni akivuta vumbi lile lile.

Kwenye jengo la kontrakta mambo ni mengine. Hapo maji, vitambaa vya kufaa vya kuzuia vumbi, na miwani ya kukinga macho ni wajibu wa mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Kibanzi cha jiwe hakichagui jicho la mfanyakazi wa kudumu au la kibarua. Na mtu akiumia au akiugua kwa sababu ya kazi, iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini fidia hudaiwa na mtu ambaye jina lake limeandikwa mahali. Mafundi wetu hawana jina kwenye daftari lolote la mwajiri, na ndiyo maana kuwaandika katika daftari la chama si jambo la heshima tu. Tarehe aliyoanza, jengo alilofanyia kazi, jina la msimamizi, idadi ya mawe kwa wiki: hayo yakiandikwa na katibu wetu leo, miaka kumi ijayo yanaweza kuwa ushahidi wa mjane.

Linabaki lile pingamizi la ada. Mwenzetu mmoja mwenye sauti kubwa amesema kwamba sisi hukatwa kila mwezi, na hawa watakuja kula kivulini mwetu bure. Hoja hiyo ina uzito, nami sitaki kuipuuza. Mtu asiye na mshahara wa mwezi hawezi kukatwa kwa mwezi. Napendekeza fundi wa mawe alipe kwa jengo: anapolipwa malipo ya mwisho ya jengo, atoe kiasi kidogo kitakachoamuliwa na mkutano. Fundi wa miti, kama ushirika utaundwa, ada yake ikatwe dukani pamoja na sehemu ya ushirika, na hapo namba yake ya kinyago iwe ndiyo namba yake ya uanachama. Mponda kokoto alipe nusu. Asiyefanya kazi kwa msimu mzima kwa ugonjwa asidaiwe. Kama wako wenye njia bora, waje nayo kwa maandishi. Katibu wa tawi ameahidi kuiweka hoja hii ya kwanza kabisa katika mkutano ujao, kabla ya taarifa ya hesabu, ili isije tena ikaahirishwa kwa kuwa giza limeingia.